Kijiko cha Mbegu na Paa la Mama Salma

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi kwenye biashara ya mbegu. Nimeona mtu mzima, suti na tai, akinunua kijiko kimoja cha bamia na kusimama nusu saa akiuliza azipande kwenye kopo la ukubwa gani. Nimeona mama akivuka kwa kivuko kutoka Kigamboni, jua la saa nane, kuja kunirudishia mche mmoja wa nyanya uliokauka, eti nimbadilishie. Nimeona mbegu zilizolala stoo miaka sita zikaota zote, na zilizofika juzi zikagoma. Mimi niliishia darasa la nne, na sikuishia kwa kupenda, lakini kwa miaka thelathini na nne hapo Kariakoo watu wenye vyeti walikuwa wanapanga foleni kuniuliza mimi. Sasa nimestaafu nikiwa bado na nguvu zangu, na vijana wa mtaani wameniomba niandike tulivyokuwa tukifanya kazi. Haya, someni.

Siku ya kwanza kazini niliingia saa moja kasoro asubuhi, nina miaka kumi na tisa, nimetoka Masasi na begi moja na viatu vya binamu yangu. Duka lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, dogo, linanuka vumbi na dawa ya wadudu. Mwenyewe alikuwa mama wa Kichaga, mnene, anakaa kwenye stuli ndefu nyuma ya mizani. Wafanyakazi wote tulimwita Mama Mwenye Duka, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Jina langu na bei."

"Bei inatosha. Jina lako silihitaji."

Akachota gao la mbegu mchanganyiko, akamwaga kwenye ungo, akaniambia nizitenge. Nilianza asubuhi nikamaliza adhana ya adhuhuri imeshapita, shingo inaniuma kama nimebeba gunia. Akaja, akaangalia marundo yangu kumi na moja, akatoa punje tatu. "Umekosea tatu. Kesho uje na macho." Wenzangu waliniambia baadaye kwamba aliyenitangulia alikosea hamsini akarudishwa kwao siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mnaona nilianzia wapi.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kazi. Siku hizo mbegu hazikuja kwenye pakiti zenye picha. Zilikuja kwenye viroba na makopo ya bati, na kopo likishafunguliwa hakuna aliyejua ndani mna nini isipokuwa mwenye jicho. Mbegu ya nyanya ina manyoya, ukiipapasa utadhani kitambaa. Ya pilipili unaigusa kwa ncha ya ulimi, nayo inajitaja yenyewe. Ya mrehani unaitia mate kiganjani, unahesabu mpaka mia, inavaa ute kama jicho la samaki. Bamia hata kipofu anaijua. Zilizokuwa zinawatoa watu jasho ni mbili tu: mchicha, na yale maua mekundu tuliyoyaita vilemba vya jogoo, yanayochanua kama mahameli. Zote mbili mbegu zake ni ndogo, nyeusi, za duara, zinang'aa. Mama Mwenye Duka alikuwa anatupeleka mlangoni. "Hizi mbili hazipimwi ndani ya duka," alisema. "Tokeni nje kwenye jua. Inamisheni kiganja. Mchicha unang'aa nukta moja. Jogoo anang'aa mgongo mzima kama sisimizi mweusi." Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nazitenganisha huku naongea na wateja. Hakuna mwingine dukani aliyeweza.

Lakini sikuweza kukaa. Hilo ndilo tatizo langu tangu kuzaliwa. Nikikaa kwenye stuli, mguu unacheza. Nikisimama, napanga upya makopo yaliyopangwa vizuri. Mama Mwenye Duka alikuwa ananiuliza, "Wewe mtoto, umekalia nini?" Ilinizidi hasa mwisho wa Februari, kiangazi kinapochoka na masika bado hayajafika. Nyie mnaoishi Dar mnakijua kipindi hicho. Mawingu yanajikusanya kule Kivukoni asubuhi, mchana yanaondoka bila kutoa hata tone. Shati linakushika mgongoni. Watu wanagombana kwa chenji ya mia.

Na hapo hapo ndipo mji mzima unapoanza kuwashwa mikono. Fundi cherehani anaanza kuficha ndoo za rangi zilizoisha chini ya meza yake, ukimuuliza za nini anasema za maji, kumbe anataka kupanda pilipili. Wazee wa drafti wanahamisha benchi lao chini ya baraza, wanabishana mvua itaanza lini kuliko wanavyobishana juu ya kete. Mafenesi yanaingia, toroli linapita likinukia mtaa mzima. Mpiga pasi ananunua kopo la mchanga. Watu hawana ardhi hata ya kutandika mkeka, wanaishi ghorofa ya tatu chumba na ukumbi, lakini harufu ya vumbi linalosubiri mvua ikiwafikia, kila mmoja anataka kuona kitu kinaota mlangoni kwake. Ukiwaona siku ya mvua ya kwanza, watu wazima wamechuchumaa kwenye korido kila mtu kwenye kopo lake, wanaitana: "Njoo uone! Imetoka! Imetoka!" Starehe ya bei rahisi kuliko zote Bongo.

Niliyeona pesa kwenye starehe hiyo ni mimi. Baada ya miaka minne Mama Mwenye Duka alinipeleka mtaa wa Gerezani kwenye stoo yake ya jumla, chini ya mtu tuliyemwita Bwana Stoo. Mrefu, mkimya, kalamu iko sikioni mpaka anapokwenda kuswali. Kwake nilijifunza kuchekecha, kuanika, kuchanganya mbegu na majivu ili fukusi wasiingie, na kujua kwa sauti: ukitikisa kiroba cha mbegu kavu kinalia kama mchanga, chenye unyevu kinalia kama tope. Bwana Stoo aliuza kwa kilo. Chini ya kilo hakuongea nawe. Nikawa naona watu wa kawaida wanakuja mpaka mlangoni, wanauliza, wanaondoka mikono mitupu. Siku moja nikamwambia, "Bosi, hawa tuwauzie kwa kijiko."

Akatoa kalamu sikioni akanitazama. "Kijiko? Tunauza mbegu au dawa ya kikohozi?"

Stoo nzima ikacheka. Nilicheka na mimi. Mwisho wa mwezi niliacha kazi, nikanunua kijiko cha chai na meza, nikakaa kando ya Msimbazi na makopo manane. Nilikunja karatasi za madaftari ya zamani kama watu wa karanga wanavyofanya, kijiko kimoja ndani, pembe inakunjwa mara mbili. Siku ya kwanza nilimaliza makopo sita. Tukaambiwa tuhame, nikahama. Tukaambiwa tena, nikahama tena, mpaka mara tano; meza ile ilitembea kuliko mwenye meza. Lakini jina lilishatoka. Wakubwa kwa wadogo, "Twende kwa Kijiko." Nilipofungua duka langu, na mlango wake wa chuma na feni, Bwana Stoo alikuja kunipongeza. Nilimkaribisha soda, halafu nikamuuliza kikohozi kimepona. Alicheka mpaka akaivua kofia.

Nilijenga Mbagala. Nilisomesha. Binti yangu mkubwa, Zuhura, alikwenda chuo cha kilimo Morogoro, akarudi na cheti, akaingia dukani kwangu. Na hapo ndipo zogo lilipoanza.

"Baba, haya makopo hayana majina."

"Majina ninayo mimi kichwani."

"Na tarehe?"

"Nazo ninazo."

"Baba, siku usipokuwepo mimi nitauza nini?"

"Siku nisipokuwepo utafunga duka."

Alitaka tuandike kila kopo. Alitaka kila shehena ioteshwe kwanza kwenye kitambaa chenye maji, punje mia, ihesabiwe zilizoota, ndipo iuzwe. Nilimwambia vitambaa ni vya watu wasio na macho. Aliendelea na vitambaa vyake nyuma ya duka, kwenye sahani. Mimi nilijifanya sivioni.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo huo ghorofa mpya ilikamilika ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wangu. Kumi kwenda juu, vioo vitupu. Biashara iliongezeka, sitakataa. Lakini jua likaniondokea. Tangu asubuhi mpaka jioni mlango wangu ukawa kwenye kivuli, nikawa nafanya kazi kwa taa ya mrija, ile nyeupe inayofanya kila kitu kionekane kama kimepakwa mafuta. Na macho yangu nayo, niseme ukweli, yalikuwa si yale ya ungo wa kwanza. Mke wangu alishasema miwani. Nilimwambia miwani ni ya makarani.

Wiki ya kwanza ya Machi akaingia Mama Salma. Huyu alikuwa mteja wangu tangu meza ya Msimbazi, anauza vitenge kwa jumla mtaa wa pili, anakaa ghorofa ya tano ya jengo la zamani lisilo na lifti, juu yake ni paa la wazi ambalo wapangaji wote wanaanika nguo. Kila masika alipanda makopo yake hapo juu: mrehani, mnanaa, maua mawili matatu. Kazi yake ya Jumapili ilikuwa hiyo. Anapanda na chai yake, anamwagilia, anakaa kwenye kigoda anayatazama kama watu wanavyotazama televisheni.

"Baba Zuhura, mwaka huu sitaki kijiko kimoja. Nataka vya makopo arobaini."

"Arobaini? Unafungua shamba?"

"Salma anaolewa. Mwisho wa Mei. Ukumbi sina uwezo nao, nimeuliza kote. Sherehe itakuwa juu paani. Wakwe zangu wanatoka Tanga, watu wa mambo yao. Sitaki wafike waone matanki ya maji na kamba za kuanikia. Nataka nizibe ukuta mzima kwa vilemba vya jogoo. Vyekundu. Nimemuahidi mwanangu."

"Umekuja mahali penyewe," nikamwambia.

Niliinuka, nikashusha kopo kutoka rafu ya juu, nikamimina kiganjani chini ya taa. Zikang'aa mgongo mzima. Zuhura alikuwa amesimama na sahani yake mkononi. "Baba, hilo kopo sijalipima bado." Nikamwambia mbele ya mteja akapime maji ya chai. Nikakunja karatasi, nikamwongezea Mama Salma kijiko cha bure kwa ajili ya bi harusi.

Mteja alipotoka, Zuhura alichota punje kidogo kwenye kopo lile akazipanda kwenye kikopo cha maziwa. Mvua ilianza siku ya nne. Mliokuwepo mnaikumbuka, ile ya kwanza iliyonyesha mchana kweupe, watu wakatoka madukani kusimama tu barabarani walowe.

Wiki mbili baadaye Zuhura aliniwekea kikopo chake mezani. "Baba, huu ni mchicha."

Nikautazama. "Jogoo akiwa kifaranga anafanana na mchicha."

"Najua wanafanana. Ndiyo maana nimelinganisha na jogoo mwenyewe, huyu hapa, nimempanda siku hiyo hiyo kutoka kopo lingine. Tazama jani. Baba, mpigie Mama Salma sasa hivi. Bado tuna zaidi ya wiki tisa. Tukimpa mbegu nyingine leo, maua yatawahi."

Nilimwambia nitapiga. Sikupiga. Nilitembea mpaka Msimbazi nikarudi, nikatembea tena mpaka Gerezani, nikasimama kwenye kituo cha mwendokasi kama mtu anayesubiri basi, nikarudi. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniambia nimemuuzia siyo. Ningeanzaje?

Wiki ya tatu akaja mwenyewe, mche mkononi, duka limejaa. Msimu umepamba moto, watu wamebanana mpaka nje.

"Baba Zuhura, shikilia hapa. Hii mbona kama mboga?"

Watu wote wakageuka. Na mimi, badala ya kusema nililojua, nikapandisha sauti. "Mama Salma, nani amekuuzia mbegu miaka ishirini? Nani? Nenda kamwagilie maua yako. Na usichume hata jani. Mkiona mchicha umechanua hapo, mimi Kijiko nitalipamba paa lako zima kwa maua mekundu, kwa mkono wangu, na nitapandisha ngazi mwenyewe!"

Wateja wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyo ndiye Kijiko!" Mama Salma akacheka, akaniamini, akaondoka. Zuhura alichukua kikopo chake akakiweka nyuma.

Wiki zilizofuata sikulala usingizi wa maana na sikukaa chini. Nilikuwa nakwenda kwenye lile jengo kila baada ya siku mbili, nikijifanya namletea mbolea. Nilipanda ngazi tano zile nikihema, nafika juu, nakuta makopo arobaini yamepangwa kwenye ukuta, miche imenenepa, majani mapana ya kung'aa, mchicha mzuri kuliko wowote niliowahi kuuza. Majirani walikuwa wanaomba kuchuma, Mama Salma anawafukuza. "Kijiko amesema lisiguswe hata jani! Ni maua hayo!" Jirani mmoja akamjibu, "Dada, maua haya mbona yananifanya nikumbuke ugali?" Mama Salma akamtupia kandambili. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema siku hiyo, bado kulikuwa na muda wa kutafuta mbegu za kuwahi. Nikasema, "Mwagilia, Mama Salma, jioni na asubuhi."

Wiki ya mwisho ya Mei, siku ya Jumatatu, aliniita kwa simu. Nilipofika paani, ile miche ilikuwa imetoa mikia. Mikia ya kijani, inayoning'inia, yenye chenga chenga. Mchicha uliokomaa. Salma mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake, hina haijapakwa bado, anayatazama makopo. Hakunitazama mimi. Mama Salma hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Wakwe zangu wanafika Jumamosi," alisema. "Sema basi kitu, Baba Zuhura."

"Jumamosi utaona," nikasema.

Siku nne nilizunguka mji huu kwa wauza maua wa kando ya barabara, wale wanaopanda kwenye mifuko myeusi na vyungu. Masika yalikuwa yamewaharibia. Vilemba vingi vilikuwa vimeoza shina. Kwa wa kwanza nikapata kumi na mbili, kwa wa pili tisa. Wa tatu alinijua. "Mzee Kijiko! Leo wewe ndiye mnunuzi? Nikupimie kwa kijiko?" Akawaita wenzake waje waone. Nikanunua vyote alivyokuwa navyo, ishirini na moja, bei aliyotaka. Jumla arobaini na viwili. Kila kilemba chekundu kama kitovu cha moto.

Jumamosi asubuhi pikapu haikuweza kuingia mtaani kwa meza za watu. Wapagazi wakashusha mtaa wa pili. Nilikuwa nimeapa kupandisha mwenyewe, na mimi nikiapa nimeapa, lakini ngazi tano mara arobaini na mbili hakuna goti linaloweza, kwa hiyo wapagazi walibeba na mimi nilibeba. Nilibeba kumi na moja. Mnaweza kumuuliza yeyote aliyekuwepo. Cha kumi na moja nilikaa kwenye ngazi ya tatu dakika kumi nikiwa nimekikumbatia.

Nilipofika juu na chungu hicho cha mwisho ilikuwa baada ya adhuhuri na wageni wa Tanga walishafika. Ukuta ulikuwa umewaka. Matanki hayaonekani, kamba hazionekani, wekundu mtupu mpaka pembeni, na Salma amesimama katikati na nguo yake ya kijani akipigwa picha. Nilijua kwamba nililoapa limetimia. Nikataka kuteremka kimya.

Nisingefika popote. Shangazi yake Salma, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha magari, alikuwa na kipaza sauti na kundi lake la kina mama. Aliniona. Akanyoosha mkono, akaanza, ametunga pale pale:

"Kijiko eee, Kijiko, tuambie ulipima nini,
tulikutuma maua, umetuletea jikoni!"

Kina mama wakaitikia, "Jikoni! Jikoni!" na vigelegele juu yake. Wakwe wa Tanga wakauliza Kijiko ndiye nani, wakaoneshwa. Mtu mzima, shati limelowa, chungu mkononi, udongo mpaka kwenye nyusi.

Vijana, mnaijua desturi yetu. Ukiimbwa, unatunza. Hata ukiimbwa kwa kijembe. Ukisimama tu na kununa, umekubali kwamba umechomwa. Nikaweka chungu chini. Nikavuta shati. Nikaingia kati nikicheza, kidogo kidogo kwa sababu ya goti, nikatoa noti mfukoni nikambandika shangazi mtu kipajini, na nyingine, na nyingine, mpaka mfuko ukabaki na funguo tu. Paa likalipuka. Shangazi akaongeza ubeti wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, siuandiki.

Halafu Mama Salma akaja na sahani. Wali, nyama, na pembeni rundo la mchicha wa nazi. Wageni wote walikuwa na huo huo. Makopo arobaini yalikuwa yamechumwa Ijumaa jioni yote.

"Kaa ule mboga yako," akaniambia. Nikakaa. Ulikuwa mtamu. Nilipomaliza alinichukulia sahani, akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia tu siku ile nilipokuja na mche. Ningekucheka siku mbili, basi." Nikamwambia najua. Ni mara ya kwanza na ya mwisho nimemwambia mteja neno hilo.

Jumatatu nilimkabidhi Zuhura funguo. Hakunisukuma mtu. Nilimwambia tu kwamba ile kazi niliyoijua ilihitaji jua na macho, na dukani pale hakuna tena hata kimoja. Siku hiyo hiyo alianza kuandika makopo, na mimi nilimshikia gundi. Sasa kila mbegu ina jina, tarehe, na asilimia ya zilizoota, na duka linaingiza zaidi kuliko enzi zangu, ingawa nawaomba msimwambie nimesema hivyo. Kijiko bado anakitumia. Hicho hatakiacha, ndicho kilichojenga.

Kustaafu ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Februari ikiingia mguu wangu unaanza kucheza, naamka kabla ya adhana, napanga upya makopo yangu ishirini uani Mbagala, nayapanga tena. Napanda daladala mpaka Kariakoo bila sababu, nakaa kwenye benchi la drafti, naangalia mawingu, naulizwa mvua lini, nasema Jumanne. Nimevaa miwani. Nawashauri vijana mnaoingia kazi hii: jueni mbegu kwa mkono, kwa ulimi, kwa sauti, kama tulivyojua sisi, maana taa ikizimika cheti hakioneshi kitu. Lakini pandeni na kikopo cha kupima, na kikopo kikisema, mpigieni mteja simu siku hiyo hiyo, sio kesho.

Zuhura na mama yake wamekuwa wakiniuliza tangu siku ile lile paa lilinigharimu kiasi gani. Nimekuwa nikiwajibu elfu hamsini, kisha natoka nje. Jibu watalisoma hapa. Vyungu arobaini na viwili kwa elfu saba kimoja. Pikapu elfu arobaini na tano. Wapagazi elfu ishirini na moja, maana walinilipisha hata vile kumi na moja nilivyobeba mwenyewe. Shangazi yake Salma, kwa kuniimba, elfu kumi na mbili na mia tano. Zote kwa pamoja ni shilingi laki tatu, elfu sabini na mbili na mia tano.